UZI: Risiti za reti zimejaa mkebe wa Kimbo, na bili bado inasoma 94,260. Nisaidieni kuisoma

Nyar_Kogony (mwanzisha uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Wenye uzoefu wa mambo ya ardhi njooni hapa kabla kichwa changu hakijapasuka.

Mimi ni mwalimu, naishi Nakuru upande wa Lanet, lakini nyumbani ni Kisumu, Kogony, kule karibu na uwanja wa ndege. Baba alituacha mwaka 2021. Kesi ya mirathi imekwisha mwaka huu, hati imethibitishwa mahakamani, na sasa tunataka jina kwenye shamba litoke kwa marehemu liende kwa mama. Wakili akaniambia, "Mwalimu, niletee kliaransi ya reti, mengine niachie." Yaani cheti cha kaunti kwamba hatudaiwi reti, ile kodi ya ardhi. Nikaona hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Baba alikuwa mtu wa kulipa. Kila mwaka, ikifika Februari, alivaa koti lake la kahawia akapanda matatu kwenda mjini, akarudi na risiti, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mkebe wa Kimbo, ule wa kilo mbili. Huo mkebe tulikatazwa kuugusa kuliko hata redio.

Nimefika dirishani na mkebe wangu. Karani amechapa nambari ya hati, akanitolea karatasi: deni la msingi 40,800, riba na adhabu 53,460, jumla 94,260. Malipo yaliyopokelewa: 0. Sufuri! Nikamwaga risiti mezani. Alikuwa mpole, akazitazama moja moja, akasema, "Madam, hizi ni za ploti nyingine."

Ploti nyingine ipi? Hatuna nyingine. Nje ya geti kijana akanifuata, anasema kwa 15,000 ataisafisha bili iwe sufuri ya kweli na kliaransi nitaipata Ijumaa. Sikumjibu, lakini sitaficha, njiani nilimfikiria.

Maswali yangu ni mawili. Rekodi hizi za kaunti naweza kuziona wapi mwenyewe, nisitegemee dirisha? Na hii karatasi inasomwaje?

Mkosoaji_wa_Kondele

Reti za nini kwani? Barabara ya kwetu mvua ikinyesha bata wanaogelea. Usilipe, dada. Watakuja kung'oa shamba waende nalo?

Sevea_wa_Bahati

@Mkosoaji_wa_Kondele hawaling'oi, wanalisubiri. Deni la reti hukaa juu ya ardhi. Siku ya kuuza, kurithi au kuchukua mkopo utalikuta mlangoni limenenepa. Uhamisho wa ardhi iliyo katika eneo la kutozwa reti ukipelekwa kuandikishwa, huulizwa uthibitisho kwamba hakuna deni. Ndiyo maana wakili ameomba hiyo kliaransi kwanza. Hakuiomba kwa kupenda makaratasi.

@Nyar_Kogony pole kwa baba. Kabla ya lolote, tuambie: nambari iliyo kwenye hati miliki na nambari iliyo kwenye risiti ni ileile? Usiandike tarakimu zote hapa, ficha za mwisho.

Nyar_Kogony

Hati: Kisumu/Kogony/4xxx. Risiti: Kisumu/Kogony/1xxx. Wallahi nilidhani ile ya kwenye risiti ni nambari ya risiti tu. Za mwanzo zina kichwa cha baraza la manispaa, na kuanzia 2013 zina kichwa cha serikali ya kaunti. Nikajua nambari hubadilika na serikali.

Karani_Mstaafu

Binti yangu, nimekaa nyuma ya dirisha kama hilo miaka mingi, huku Kakamega. Serikali ilibadilika Machi 2013, mabaraza yakavunjwa na kaunti zikachukua madaftari, lakini nambari ya shamba haibadiliki kwa sababu ya uchaguzi. Hubadilika kwa sababu moja kubwa: shamba limekatwa.

Nipe mambo mawili. Risiti za baba zinasoma shilingi ngapi kwa mwaka? Na hiyo bili mpya inatoza ngapi kwa mwaka, na imeanza mwaka gani?

Nyar_Kogony

Risiti: 7,200 kila mwaka, hazipungui hazizidi. Bili: 2,400 kwa mwaka, mstari wa kwanza ni 2009.

Karani_Mstaafu

7,200 gawa kwa 3.

Baba yako alikuwa na ndugu wangapi?

Nyar_Kogony

Mungu wangu.

Watatu. Yeye na baba wadogo wawili. Babu aliwagawia kabla hajafa, sevea akaja na vigingi, nilikuwa kidato cha pili. Hiyo ni 2006.

Mkosoaji_wa_Kondele

Nimekaa kitako. Nani ana njugu?

Karani_Mstaafu

Basi tumefika. Ile 1xxx ni nambari mama. Mlipogawa, masjala ya ardhi iliifunga na kuzaa tatu, moja ikiwa 4xxx yenu. Lakini masjala ya ardhi ni nyumba moja na ofisi ya reti ni nyumba nyingine. Ya kwanza ni ya Wizara, inatunza umiliki. Ya pili ni ya kaunti, inatunza kodi. Kuwa habari imefika nyumba ya kwanza hakumaanishi imefika ya pili. Wagawaji wengi hupata hati zao mpya, wakachinja kuku, wakalala. Hakuna anayekwenda ofisi ya reti kusema, "Ile nambari imekufa, wanawe ni hawa."

Nambari mpya ziliingia kwenye daftari la thamani, ile orodha ya kaunti ya ardhi zinazotozwa, baadaye, kupitia daftari la nyongeza, na bili yenu inasema ni 2009. Nambari mama nayo haikuondolewa, kwa kuwa hakuna aliyepeleka cheti chake cha kifo. Baba alifika kila Februari, akataja nambari aliyoizoea, akalipa. Karani akapokea. Pesa ziliingia, nyumba ilikuwa siyo.

Na hapa shika moyo: kuna deni la pili hujaliona. Baba alilipa mpaka lini?

Nyar_Kogony

Risiti ya mwisho ni 2019. Baada ya hapo ikaja korona, halafu akaugua.

Karani_Mstaafu

Basi nambari mama nayo inatozwa 7,200 kila mwaka tangu 2020. Miaka sita hadi huu wa 2025, 43,200 bila riba. Ni deni la shamba ambalo halipo. Lazima nalo lizikwe.

Sevea_wa_Bahati

Mzee amemaliza. Niongeze upande wangu, maana hapa ndipo watu hupotea.

Dada, rekodi ni vitabu vitatu na kila kimoja kinajibu swali lake. Ukitaka kujua mwenyewe ni nani, nenda masjala ya ardhi, fanya sachi, yaani omba taarifa rasmi ya umiliki. Utahitaji nakala ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA, na siku hizi maombi mengi hupitia eCitizen. Lakini kwa kesi yako sachi ya kawaida haitoshi, kwa sababu inakupa hali ya leo tu. Omba nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, yaani rejista yenyewe ya shamba, ya nambari MAMA. Kadi ina sehemu tatu: A inaeleza ardhi yenyewe, B inataja wenye mali mmoja baada ya mwingine, C inabeba rehani na mazuio. Kwenye kadi hiyo utakuta maandishi kwamba imefungwa kwa sababu ya ugawaji, na nambari tatu zilizozaliwa zimetajwa. Mstari huo mmoja una uzito kuliko mkebe mzima wa Kimbo.

Ukitaka kujua shamba liko wapi na limekaaje, kuna ramani ya masjala na fomu ya mutesheni aliyojaza sevea mwaka ule. Omba nakala ya mutesheni, inaonyesha nambari mama ikikatwa vipande na ukubwa wa kila kipande.

Ukitaka kujua unatozwa nini na kwa nini, ndiyo ofisi ya reti ya kaunti, kwenye lile daftari la thamani. Watu wa kazi huliita valuesheni roli. Ni orodha ya kila kipande kinachotozwa: nambari, ukubwa, mwenyewe, thamani.

Na tafadhali angalia ukubwa. Sisi Wakenya tunafikiri kwa ekari na futi, vitabu vinaandika hekta. Ekari moja ni hekta 0.4047. Ploti ya 50 kwa 100 ni kama hekta 0.0465. Nina mteja huku Nakuru alinunua "nusu ekari" kwa sababu kwenye sachi aliona 0.045, akaruka ile sufuri ya pili na kuisoma kama ekari. Aliniita nimwonyeshe vigingi. Nilipomwonyesha cha nne alitafuta jiwe akaketi.

Mama_Wawili_Milimani

Naomba niulize la kijinga. Si watu wa hati ya kudumu hawalipi kitu? Mume wangu huniambia wanaolipa ni wale wa miaka 99 peke yao.

Karani_Mstaafu

Si la kijinga, mama, nililijibu kila siku ya kazi yangu. Mume anachanganya renti na reti. Renti ya ardhi hulipwa serikali kuu na mwenye hati ya kukodishwa, wa miaka 99 au pungufu, kwa kuwa ardhi si yake moja kwa moja. Reti hulipwa kaunti na mwenye ardhi iliyo ndani ya eneo la kutozwa, iwe ya kukodishwa au ya kudumu. Mwenye hati ya kukodishwa mjini hulipa zote mbili. Mwenye ya kudumu hulipa reti tu. Katiba ya 2010, ibara ya 209, ndiyo inayoipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi hiyo ya mali.

Kisumu jambo hili lina uchungu wake, maana mipaka ya mji ilipanuliwa miaka ya 70 ikameza vijiji vizima. Wazee walilala wakiwa mashambani wakaamka wako manispaa, na boma zao hazikusogea hata hatua moja.

Omwana_wa_Illinois

Nawasoma kutoka Marekani, nyumbani ni Vihiga. Huku niko Cook County, ndiko Chicago iliko. Kila kipande cha ardhi kina nambari ya tarakimu 14. Naandika anwani kwenye tovuti ya kaunti, naona thamani, bili, nani amelipa na nani hajalipa, hata ya jirani. Thamani hupitiwa upya kila miaka 3. Nyumba ya kuishi huhesabiwa kwa asilimia 10 ya bei ya soko, halafu viwango vya shule, bustani za umma na mji vinawekwa juu ya hapo. Na bili ya mwaka huu ni ya kodi ya mwaka uliopita. Mwaka wa kwanza nilidhani wamekosea mwaka, nikawapigia simu kwa hasira.

Lakini msinionee wivu. Nilijenga chumba cha nyuma, kodi ikapanda. Huku wanahesabu na jengo.

Mkosoaji_wa_Kondele

Kwani kwetu hawahesabu jengo?

Karani_Mstaafu

Hapana. Thamani iliyo kwenye madaftari yetu mengi ni ya ardhi tupu, kana kwamba hakuna hata kibanda juu yake. Ploti mbili zinazopakana, zenye ukubwa na matumizi sawa, moja ina ghorofa tano za kupangisha na nyingine ina mjane na nyumba ya mabati: bili ni ileile. Sheria ya zamani ya reti, Sura 267, iliruhusu kutoza na majengo pia ila kaunti zilibaki kwenye ardhi. Huko mashambani kuna reti ya eneo, mtu anatozwa kwa ukubwa tu. Sasa Sura hiyo na mwenzake 266, ile ya kuthamini ardhi, zimeondolewa, tuna Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024.

Mkosoaji_wa_Kondele

Mjane na landilodi wa ghorofa tano, bili moja. Halafu mnasema mimi ndiye mkorofi.

Sevea_wa_Bahati

Hapo leo niko upande wako, na sitazoea.

Ingawa kuna hoja ya upande wa pili. Ukitoza ardhi tupu, anayekaa na ploti imemea magugu katikati ya mji akingoja bei ipande analipa sawa na aliyejenga. Anasukumwa ajenge au auze. Mjane ndiye anayeumia katikati.

Nyar_Kogony

Rudini kwangu jamani, mnaenda Chicago na mimi nina 94,260. Hiyo 2,400 imetoka wapi? Karatasi haionyeshi thamani.

Karani_Mstaafu

Samahani binti. Kuna namba mbili zinazidishwa. Ya kwanza ni thamani ya ardhi tupu kutoka kwenye daftari. Ya pili ni kiwango, asilimia fulani, ambacho kaunti hukipitisha kwenye sheria yake ya fedha. Mfano wa kuchora tu: ardhi ya 120,000 kwa asilimia 2 ni 2,400. Usichukue asilimia hiyo kuwa ya Kisumu, nimechagua iliyo rahisi kichwani. Wewe omba kuonyeshwa mstari wa 4xxx kwenye daftari, soma thamani na ukubwa, halafu ulizia kiwango cha mwaka husika.

Daftari likitengenezwa upya huwekwa wazi watu walikague. Chini ya Sura 266 mwenye malalamiko alikuwa na siku 28 tangu tangazo kuandika pingamizi. Hakuna aliyekuja, huwa ni mawakili wa kampuni na mzee mmoja mbishi. Wengine wote hugundua bili ikishafika. Na daftari likishapita, linaweza kukaa miaka kumi au zaidi. Ndiyo maana miji mingi ilikuwa bado inatoza bei za ardhi za zamani sana, na siku likibadilishwa watu wanapiga mayowe.

Sasa bili yako, tuisome kwa mahesabu. 2009 hadi 2025 ni miaka 17. Mara 2,400 ni 40,800, inalingana, kwa hiyo hakuna mwaka ulioongezwa. Baba alilipa nambari mama 2009 hadi 2019, miaka 11. Mara 7,200 ni 79,200. Hizo ndizo pesa zilizolala nyumba isiyo yao.

Nyar_Kogony

Risiti za 2012 na 2016 hazimo. Nimepekua mkebe mara tatu. Kuna hata risiti ya pampu ya baiskeli ya 1994, ila hizo mbili hazipo.

Karani_Mstaafu

Usitafute tena. Omba taarifa ya akaunti ya nambari mama. Kama aliilipa, iko humo, tarehe kwa tarehe. Wewe uliomba taarifa ya 4xxx tu, ndiyo maana ukaona sufuri. Wakisita, andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Ila jaribu upole kwanza, huyo karani aliyekuita madam na kuzitazama risiti moja moja ni mtu wa kurudi kwake.

Mama_Wawili_Milimani

Swali langu la pili na naondoka. 79,200 zote ametoa marehemu mfukoni mwake. Deni la ploti yake ni 40,800. Kwa nini zisiwekwe zote kwake, deni liishe na chenji ibaki? Hao baba wadogo walichangia nini?

Nyar_Kogony

Mama, hilo ndilo lililoninyima usingizi. Hawajawahi kutoa hata nauli ya matatu. Mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza kwenye matanga kama baba "aliacha makaratasi".

Omwana_wa_Illinois

Weka zote kwa mama yako. Pesa ni ya aliyelipa.

Sevea_wa_Bahati

Mimi nasema hapana, na si kwa wema. Risiti haisemi nani alilipa, inasema nambari ipi imelipiwa. Nambari mama ilikuwa shamba lote. Ukienda na hadithi kwamba zote ni za kipande kimoja, utahitaji sahihi za baba wadogo, na hapo umefungua baraza la ukoo ambalo halitafungwa hadi 2030.

Karani_Mstaafu

Sevea yuko sawa. Dirishani zinagawanywa kwa tatu: 26,400 kila kipande. Wewe unabaki na 40,800 toa 26,400, yaani 14,400. Hiyo ni miaka sita, 2020 hadi 2025, na ndilo deni lenu la haki. Riba ya miaka iliyokuwa imelipwa haina pa kusimama, omba ifutwe. Riba ya hiyo miaka sita ni halali, labda usubiri kaunti ikitangaza msamaha wa riba, maana hutangazwa mara kwa mara. Lakini kama wakili anangoja, lipa.

Mambo ya kurudishiana ni ya mezani nyumbani. Na neno jingine kwa wote wanaosoma: kulipa reti hakukupi shamba. Nimewaona watu wakija na risiti za miaka 20 za ploti ya mwingine wakidai ni yao. Hati miliki ndiyo ushahidi wa umiliki. Risiti ni ushahidi kwamba kaunti ilikula.

Mkosoaji_wa_Kondele

Na yule kijana wa geti wa 15,000?

Karani_Mstaafu

Mwacheni na geti lake. Atakupa karatasi yenye mhuri mzuri kuliko wa ofisi. Msajili ataihakiki, haitapatikana kwenye mfumo, na wewe ndiye utakayeulizwa umeitoa wapi, si yeye. Malipo ni kwa nambari ya Paybill iliyo kwenye bili, na kabla ya kubonyeza PIN soma tena nambari ya akaunti. Tarakimu moja ikienda upande, umelipia kanisa la watu, na kanisa hata halitozwi.

Nyar_Kogony (wiki tano baadaye)

Nimerudi, samahani kwa kimya, tulikuwa na mitihani.

Kadi ya kijani ya nambari mama nimeipata. Sehemu A, kwa mkono, wino wa buluu uliofifia: imefungwa kwa ugawaji, nambari mpya tatu, tarehe ya Agosti 2006. Nimeisoma mara nyingi kama barua ya mapenzi. Mutesheni pia nimepata. Vipande havilingani kabisa, chetu kimepungua kidogo upande wa kijito, lakini sitaki kuanzisha kingine.

Taarifa ya nambari mama ilinitoa machozi pale kwenye benchi. Miaka 11 yote imo, na 2012 na 2016 zimo. Februari, Februari, Februari. Mwaka mmoja tu aliolipa Machi, ndio mwaka nilioingia chuo.

Nimeandika barua ya ukurasa mmoja kama alivyosema Karani: nambari mama imefungwa, wanawe ni hawa, naomba malipo ya 2009 hadi 2019 yahamishwe, na akaunti ya nambari mama izikwe. Nikaambatanisha kadi, mutesheni, taarifa, nakala za risiti na hati ya mirathi. Nimebaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Ilinibidi kurudi mara mbili. Bili mpya: msingi 14,400, riba 7,920, jumla 22,320. Ile 43,200 ya shamba hewa imefutwa. Nimelipa, nimesoma nambari ya akaunti kwa sauti kabla ya kubonyeza, mama akiitikia kila tarakimu. Kliaransi iko kwa wakili.

Ero kamano sana, mzee Karani. Sevea, ukipita Lanet chai iko.

Karani_Mstaafu

Asante binti yangu. Mwakani nenda Februari.

Mama_Wawili_Milimani

Na baba wadogo je? Usituache hapo.

Nyar_Kogony

Mama amekataa tuwadai. Amesema baba alijua alilokuwa akifanya. Mimi sina hakika kama alijua, nadhani alikuwa na nambari moja tu kichwani. Lakini sikubishana naye.

Nimewapigia wote wawili nikawaeleza kwamba vipande vyao vimepunguziwa 26,400 kila kimoja na vimebaki na deni la tangu 2020. Mkubwa alishukuru, akauliza habari za watoto. Mdogo alinyamaza, kisha akauliza, "Hiyo 2,400 ni ya mwezi au ya mwaka?" Nikamtumia picha ya bili yake kwenye WhatsApp. Tiki mbili za buluu tangu Jumapili.